Wasomaji Walitaka Dubu

SEHEMU YA SITA

Juma lililopita niliishia pale picha moja ya dubu iliponiletea wasomaji elfu tisa kwa siku moja. Kwa wewe unayeanza nami leo, nitakufupishia.

Naitwa Smaranda. Nilikuwa mkutubi katika mji mdogo chini ya milima ya Karpati, hapa Romania. Maktaba ikafungwa. Mume akaondoka. Nikabaki na nyumba ya marehemu mama yangu, kaka yangu Tiberiu, na blogu ya safari niliyokuwa nimeiandika kwa miaka mitatu. Niliandika juu ya makanisa ya mbao, maporomoko ya maji, nyumba za wageni zenye supu nzuri. Nilisomwa na watu arobaini kwa siku, na nadhani kumi kati yao alikuwa shangazi yangu.

Ndipo dubu akakaa kando ya barabara ya mlimani, nami nikampiga picha kupitia dirisha la gari.

Siku iliyofuata nilifungua maoni ya wasomaji nikiwa bado sijanawa uso.

"Mgongo tu? Meno yake umeyaficha wapi?"

"Dada, sogea karibu. Dubu hali waandishi, hawana nyama."

"Kesho tena, au ndiyo umefunga duka?"

Sikuwa nimewahi kungojwa na mtu yeyote. Nilimsomea Tiberiu maoni yote mia mbili na kumi na sita, naye akasikiliza hadi la mwisho.

Tulizunguka barabara ile siku tatu. Dubu hakuonekana. Siku ya nne nikaandika kuhusu nyumba ya watawa yenye picha za kale ukutani. Wasomaji wakashuka hadi mia tatu.

"Umewarudisha kanisani," Tiberiu alisema. "Wamekimbia."

"Nitaandika nini basi? Dubu hayupo."

"Yupo. Hana sababu ya kushuka, ndiyo maana humwoni."

Nilimwangalia. Nilijua anakokwenda.

"Tiberiu, kumlisha dubu ni kosa. Watatufunga."

"Atakayeona nani? Ndoo moja tu. Maandazi yaliyolala na vichwa vya samaki. Yeye anakula, wewe unapata picha, watu wanafurahi. Niambie anayeumia."

Jioni ile nilikwenda mwenyewe kwenye duka la mikate kuomba mabaki.

Niseme wazi hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Wazo lilikuwa la Tiberiu. Ndoo niliimwaga mimi. Yeye alishika kamera.

Tulichagua kona pana, yenye nafasi ya kuegesha gari nyingi na ukuta mfupi wa mawe upande wa bonde. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda la Mama Paraschiva, anayeuza jibini ya kondoo iliyofungwa kwenye gome la mti. Alikuwa hafungui hadi saa tatu. Sisi tulimwaga Jumanne saa moja asubuhi.

Dubu alishuka baada ya saa nzima. Jike kubwa, sikio moja limekatika. Alikula kila kitu, kisha akakaa kitako akituangalia kama mgeni anayengoja chai.

Siku ile nilisomwa na watu elfu kumi na nne. Wakampa jina: Malkia.

Jumatano tulimwaga tena. Alhamisi tulirudi na ndoo, na safari hii Mama Paraschiva aliwahi. Alivuka barabara akiwa na aproni yake na kisu cha kukatia jibini mkononi.

"Binti, wewe ni wa nani?"

"Wa mwalimu Veturia, mama. Wa Pietroasa."

"Veturia ndiye aliyemfundisha mwanangu Achim kusoma. Alikuwa na akili yule. Hii yako umeiokota wapi?"

Tiberiu alicheka ndani ya gari. Mama Paraschiva akamgeukia.

"Na wewe cheka. Meno unayo, dubu naye anayo."

"Mama, tunapiga picha tu," nilisema.

"Ndoo nimeiona. Nauza hapa mwaka wa ishirini na mbili. Dubu anapita kule juu, mimi niko hapa chini, hakuna aliyemsumbua mwenzake. Sasa unamfundisha kwamba mezani kwake ni hapa kwangu?"

"Tutahamia kona nyingine."

"Lini?"

"Leo, mama. Leo hii."

Aliniangalia, kisha akanikatia kipande cha jibini, akaniwekea kiganjani. "Kula. Umekonda kama mtu anayedaiwa."

Nilikula ndani ya gari. Hatukuhama; aliporudi bandani nikamwaga ndoo palepale. Kona nyingine ilikuwa na miti mbele, na miti ingeharibu picha.

Tena nilifanya jambo baya zaidi. Niliandika kwenye blogu ni kona ya ngapi kutoka kwenye bwawa lililo chini ya mlima. Watu walikuwa wameomba.

Ijumaa zilikuja gari kumi na moja. Mwanamume mmoja kutoka Bukaresti alitoa mkono dirishani na soseji, mchumba wake akimrekodi. "Malkia," alikuwa anaita, "Malkia, njoo mpenzi."

Malkia alikuja. Alichukua soseji na vidole viwili.

Yule mwanamume hakulia mara moja. Alikiangalia kiganja chake kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka. Damu iliruka hadi kwenye kioo cha mbele. Mchumba wake aliangusha simu, akaanza kumpiga makofi yule mwanamume, sijui kwa nini, anampiga na kulia, anampiga na kulia. Gari zikaanza kurudi nyuma zote kwa pamoja, zikagongana. Mtu akashuka na jeki ya gari, akampiga nayo dereva wa nyuma yake mdomoni kwa ajili ya taa iliyovunjika. Dubu alikuwa ameshaondoka zamani. Watu walibaki wanapigana wenyewe.

Yote haya nilikuwa nayo kwenye kamera.

Unajua nilifanya nini. Niliyaweka kwenye blogu. Niliondoa sauti tu, kwa sababu kile kilio kilinitapisha. Wasomaji elfu thelathini na moja.

Askari walikuja wakafunga utepe, wakaandika, wakaondoka. Ujumbe wa tahadhari uliingia kwenye simu za wilaya nzima. Achim, mtoto wa Mama Paraschiva, ambaye ni mlinzi wa msitu, akaomba kibali cha kumpiga risasi dubu yule.

"Watamuua," nilimwambia Tiberiu.

"Basi kesho twende mapema. Ya mwisho."

"Bila ndoo."

"Bila ndoo," alikubali.

Tulikuwa tumeogopa, niamini. Jumamosi hatukumwaga kitu. Na kwa kuwa hatukumwaga kitu, Malkia alishuka saa moja, akanusa mahali pake pa kila siku, hakukuta chakula, akavuka barabara.

Mama Paraschiva alikuwa ndani ya banda. Tangu Alhamisi alikuwa anawahi kuja, kulinda mali yake. Gari letu lilikuwa limeegeshwa karibu na banda, Tiberiu kwenye usukani, injini inawaka. Mimi nilikuwa upande wa pili, penye ukuta wa mawe. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nilimwona mama akitoka na sufuria, anaigonga kwa mwiko. "Rudi. Rudi kwenu." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemfukuza ng'ombe wa jirani bustanini.

Dubu alisimama kwa miguu ya nyuma. Alimpiga mara moja. Kucha zilipita kichwani mwa mama yule, na kitambaa chake cha kichwa kikaenda pamoja na ngozi; akapiga kilio kifupi.

Nikaruka ukuta. Nikalala kifudifudi kwenye majani, mikono juu ya shingo. Nilisikia mbao zinavunjika. Nikasikia injini inanguruma na matairi yanasaga mawe. Nikasikia kishindo, kisha kilio cha pili, kirefu kuliko cha kwanza. Kisha honi isiyokoma.

Nilipoinua kichwa, dubu alikuwa anapanda mlima na jibini nzima mdomoni. Gari letu lilikuwa mwisho wa kona, limegeukia chini. Mama Paraschiva alikuwa amelala katikati ya lami, mguu wa kulia umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjiki. Mfupa ulikuwa mweupe kabisa.

Tiberiu alikuja akikimbia.

"Amemvunja mguu. Dubu amemvunja mguu, uliona?"

"Sikuona. Nilikuwa nimelala."

"Amemkanyaga. Mimi niliona kila kitu. Lete skafu."

Nilirudisha ngozi ya kichwa mahali pake kwa viganja vyangu na kuishikilia. Ilikuwa ya moto. Mama Paraschiva alikuwa amefungua macho, anamwangalia Tiberiu, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Tiberiu akageuka, akaenda kutapika kwenye mtaro.

Achim alifika kabla ya gari la wagonjwa. Jitu refu, sare ya msitu, bunduki begani. Alipiga magoti kwenye damu.

"Nani alikuwepo?"

"Sisi," Tiberiu alisema. "Tulikuwa tunapita. Nikapiga honi, akamwachia."

"Ni yule dubu wa kwenye mtandao?"

"Ndiye."

Achim alinigeukia. Nilikuwa bado nimeshika kichwa cha mama yake. Alichukua mkono wangu mmoja, wenye damu ya mama yake hadi kwenye kiwiko, akaubusu.

"Mungu akulipe, dada."

Nilinyamaza. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mawili tu.

Tulirudi nyumbani. Nilikaa mezani bila kunawa, nikaandika habari ile kwa vidole vilevile. Nilichagua picha ya sufuria iliyobonyea, na kitambaa cha kichwa kando yake. Nilifikiri sana kuhusu kichwa cha habari. Nilibadilisha mara tano, kama mtu anayechagua gauni. Hadi saa kumi alasiri walikuwa wamesoma watu elfu sitini na mbili.

"Hatari sana, pole mama."

"Smaranda wewe ni jasiri."

"Picha ya mguu hakuna?"

Jumapili asubuhi, katikati ya maoni hayo, mtu nisiyemjua aliweka picha yake mwenyewe. Ilipigwa kutoka njia ya wapanda milima, juu ya kona ile. Inamwonyesha mwanamke mwenye koti jekundu anamwaga ndoo. Koti hilo lilikuwa limening'inia mlangoni petu.

Chini yake aliandika neno moja: "Jasiri."

Nilimwita Tiberiu. Alikuja na sahani yake ya ugali na jibini, akaangalia, akaendelea kutafuna.

"Futa."

"Nimefuta. Wengine wameshaichukua."

"Sema si wewe."

Hatukuwahi kukubaliana niseme nini. Lango lilipigwa teke likatoka kwenye bawaba.

Achim hakusalimu. Aliingia hadi jikoni na viatu vyenye tope, akamshika Tiberiu nywele za kisogoni, akamgonga uso kwenye meza. Sahani ilipasuka chini ya pua yake. Akamwinua, akamgonga tena palepale kwenye vipande.

"Mlikuwa mnapita?" alisema. "Mlikuwa mnapita, eh?"

Alimburuta hadi uani. Tiberiu alishika fremu ya mlango. Achim akaupiga mlango ukabana vidole vyake. Sauti ile naisikia hadi leo nikivunja njugu. Uani alimpiga teke la mbavu, akapumzika, akampiga tena, taratibu, kama mtu anayepasua kuni na anajua zimebaki nyingi.

Nilichukua koleo. Sitasema uongo, nilimpiga nalo Achim mgongoni kwa nguvu zangu zote. Aligeuka, akalichukua mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko, akalitupa juu ya paa.

"Ni mimi," nilisema. "Ndoo niliimwaga mimi. Mara tatu. Mama yako alinikataza, nikamdanganya. Mwache huyu, nipige mimi."

Achim alisimama. Alikuwa anahema. Tiberiu alikuwa chini, anatema jino kwenye majani.

"Jana nilikubusu mkono," Achim alisema.

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Alinipiga kofi moja. Nilianguka kwenye ngazi, na sikio langu la kulia likaanza kulia kama filimbi. Sikumlaumu. Mpaka sasa simlaumu.

Kisha alikaa kwenye kizingiti, akazungumza kwa sauti ya kawaida kabisa. Kibali kimetoka. Dubu amepigwa risasi ya kwanza na walinzi wenzake jana jioni, amejeruhiwa, amekimbilia msituni. Dubu aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mchumaji uyoga. Lazima amalizwe leo.

"Mlikuwa mnamwekea chakula wapi kwingine?"

Nilitaka kusema hakuna kwingine. Lakini Tiberiu aliinua kichwa.

"Juu ya kijito," alisema. Pua yake ilikuwa imelala upande, maneno yanatoka mdomoni tu. "Penye kibanda cha zamani cha wachungaji. Nilikuwa namwekea huko jioni ili asiende mbali."

Sikulijua hilo. Nilimkazia macho, naye akakwepesha yake.

"Utanipeleka," Achim alisema.

"Nitakupeleka."

"Hawezi kutembea," nilisema. "Mwangalie alivyo."

"Naweza," Tiberiu alijibu haraka. Alikuwa anajiinua kwa kushika ukuta. "Twende. Twende tumwue, yaishe."

Haraka yake ilinishangaza. Nilidhani ni aibu. Nilijisikia hata fahari kidogo, kaka yangu amepigwa na bado anataka kurekebisha.

Achim aliniangalia kutoka langoni. "Wewe nenda kwa mama. Kamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Leo."

Nilikwenda. Hospitali ya wilaya ni mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Abiria wenzangu walikuwa wanaoneshana simu. Nilivua koti jekundu, nikalikalia.

Mama Paraschiva alikuwa peke yake kwenye chumba cha vitanda vitatu. Kichwa chote bendeji, jicho moja limeziba, mguu umeinuliwa kwa kamba na vyuma. Simu yake ndogo ya vibonye ilikuwa kifuani. Muuguzi alikuwa anambadilishia dripu.

"Dakika kumi," aliniambia. "Usimchoshe."

Nilisimama miguuni pa kitanda. Nilikuwa nimejipangia maneno ndani ya basi, yakanipotea.

"Mama, tulikuwa tunamlisha dubu. Baada ya wewe kunikataza. Nilikwambia tutahama, sikuhama."

"Najua." Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa. "Kwani mimi kipofu? Nilikuona Alhamisi hiyohiyo."

"Nisamehe."

"Sogea."

Nilisogea. Alinishika sikio, lilelile alilolipiga mwanawe, akalizungusha hadi magoti yangu yakagusa sakafu. Kwa mwanamke aliyelazwa, alikuwa na nguvu za kutisha.

"Jibini ya miezi minne," alisema. "Kichwa changu. Yule mnyama naye, atakufa kwa kosa lako. Nikikusamehe leo nitakuwa naongopa. Njoo nikitoka hapa, utabeba maziwa mlimani hadi nichoke kukuona."

"Nitabeba, mama."

"Utabeba." Aliniachia. "Hilo ni lako. La mguu si lako."

"La mguu?"

Muuguzi aliacha kugusa dripu.

"Dubu hakunigusa mguu," Mama Paraschiva alisema. "Alinipiga kichwani, nikaanguka, nikasimama. Nilikuwa nimesimama, binti. Sufuria mkononi. Dubu alikuwa ameshaingia bandani, ana shida na jibini, hana shida na mimi. Ndipo gari la kaka yako likarudi nyuma."

Nilishika chuma cha kitanda.

"Alikuwa anakimbia dubu. Hakuangalia nyuma. Bampa ikanichukua hapa. Akasimama, akafungua mlango, akaniona. Nikamwambia, nisaidie. Akafunga mlango, akaondoka. Alirudi baadaye, ulipokuwa umeinua kichwa."

"Mama, ulikuwa umeumia sana. Labda—"

"Daktari ameiona," muuguzi alisema bila kuniangalia. "Dubu haachi rangi ya gari kwenye sketi."

Gari letu ni la bluu. Nilikumbuka namna Tiberiu alivyosema "uliona?" kabla sijauliza chochote. Nilikumbuka kutapika kwake mtaroni, nami nikadhani ni huruma. Na leo asubuhi, twende tumwue, yaishe. Alitaka dubu afe haraka, pamoja na kosa lake.

"Achim anajua?" niliuliza.

"Jana sikuweza kusema, walikuwa wamenilaza kwa dawa. Leo amenipigia, wewe ukiwa unapanda ngazi hizo. Kasema yuko msituni, wameona damu ya dubu, kaka yako anamwongoza. Nikamwambia."

"Ukamwambia akiwa na Tiberiu? Akiwa na bunduki?"

Jicho lake zima lilinitazama. Niliona linaanza kuelewa.

"Nilikuwa na hasira," alisema. "Sikufikiri."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alikata."

Nilipiga simu ya Tiberiu. Ililia muda mrefu. Ilipopokewa nilisikia pumzi nzito, na majani makavu chini ya viatu.

"Tiberiu?"

"Yuko mbele yangu," Achim alisema. "Simu nimemnyang'anya, nimemwambia atangulie."

"Achim, nakuomba. Mrudishe chini. Tutakwenda sote watatu kwa askari, ataeleza, nami nitaeleza."

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi. Niko kwa mama yako, nimesimama hapa, muulize."

"Alimwomba msaada," Achim alisema. "Mama yangu alimwomba huyu msaada, naye akafunga mlango."

"Achim."

Hakukata. Nafikiri aliitia simu mfukoni, kwa sababu sauti zilikuja kama kutoka ndani ya blanketi. Nikamsikia akisema, "Simama hapo. Geuka." Nikamsikia kaka yangu akisema kitu kirefu, haraka, na neno "bahati mbaya" mara mbili. Matawi yakavunjika. Mtu akaguna. Halafu vurugu, nguo na mawe na pumzi, watu wawili au watatu, au watu wawili na kitu kingine kikubwa kuliko wao.

Kisha bunduki. Mara moja.

Muuguzi aliisikia kutoka alipokuwa. Mama Paraschiva aliisikia pia. Alijaribu kukaa, zile kamba za mguu zikamrudisha.

Nilibana simu sikioni. Kitu kilikwaruza. Mtu aliiokota.

"Smaranda." Ilikuwa sauti ya Tiberiu, inatoka mdomoni tu. "Bunduki ninayo mimi."

Niliikinga simu kwa kiganja, mama asisikie.

"Amelala chini. Namwita, haitiki. Uko wapi? Uko na nani hapo? Smaranda, usimwambie mama yake."

Mama Paraschiva alikuwa ameinua mkono ule wenye nguvu, kiganja kimefunguliwa mbele yangu.

"Ni Achim huyo?" aliuliza. "Nipe niongee naye."